Kofia ya Chuma na Maneno Mawili Niliyoyameza

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, asije mtu akafika katikati ya habari hii akaanza kuniuliza kwa nini sikufanya hivi, kwa nini sikusema vile. Kwetu Unguja husemwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na marehemu mama alinilea kwa msemo huo tangu nilipoanza kutambaa. Haja yake ilikuwa moja tu, nirudi nyumbani mzima kila magharibi. Basi sikupigana na mtu, sikupanda mnazi, na nilipokwenda Doha kuendesha gari niliendesha taratibu hata malori ya mchanga yakawa yananipigia honi.

Kule nilikuwa na hofu nyingi, lakini moja ilizipita zote: kurudishwa. Si kurudi, kurudi kila mtu hurudi. Anayerudi hupokewa uwanjani na jamaa waliovaa nguo za sikukuu. Anayerudishwa huingia mtaani kimya kimya, na watu huulizana, kafanya nini huyu? Mtaani kwetu alikuwapo mmoja aliyerudishwa kutoka Maskati kwa kusingiziwa saa ya mkono. Saa yenyewe ilikuja kuonekana, wenyewe wakaomba radhi kwa simu, na mpaka leo bwana yule akija arusini watu wanamwangalia mikono. Nilikuwa namfikiria mtu huyo karibu kila siku.

Nilipata kazi kwa mzee mmoja wa Kikatari, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, nyumba yake haikuwa mbali na mtaa wa Najma. Tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa kule wanavyowaita wenye nyumba. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, aliyekaa The Pearl kwenye yale maghorofa ya kando ya maji, akija kila Ijumaa kula na baba yake. Wafanyakazi tulikuwa wawili tu: mimi dereva, nikilala chumba cha nje karibu na geti, na dada mmoja Mkenya wa Nakuru, Mkristo, aliyepika na kusafisha. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita Ustadhi, kwa utani, kwa sababu ya Kiarabu changu.

Sasa hicho Kiarabu ndicho kilichoniponza. Kwetu mtoto hupelekwa chuoni kusoma Kurani kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na mimi chuoni nilikaa sana, mpaka mwalimu akanisomesha sarufi. Nikaenda Doha na Kiarabu cha kitabuni. Sokoni walinicheka, ati naagiza samaki kama khatibu aliye juu ya mimbari. Lakini Baba, kwa kuwa alikuwa mwalimu, alifurahi, na mimi kichwa kikanivimba. Ikawa mimi ndiye mkalimani wa nyumba. Baba akitaka wali usitiwe iliki, mimi nitamwambia dada. Dada akitaka ruhusa ya kwenda kusali na wenzake, mimi nitamwambia Baba. Dada alikuwa na tabia ya kusema maneno yake yote akinitazama mimi usoni, kama kwamba mimi ndiye mwenye nyumba, kisha akanyamaza na kungoja. Aliniamini mno yule mwanamke.

Baba alikusanya helmeti za zamani za askari wa Kimarekani, zile za chuma za vita vya enzi za babu zetu. Alizipanga majilisini, chumba cha kupokelea wageni, kwenye rafu za mbao, ukuta mzima. Mwenyewe hakuziita helmeti. Aliziita al-Amrikan, Wamarekani. Akisema leo tuwatazame Wamarekani, ujue nichukue kitambaa kikavu na brashi laini nimfuate. Miaka yote ile sikumsikia akiziita kwa jina lingine, na nakuomba ulikumbuke hilo, maana huko ndiko nilikoangukia.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakwenda soko la haraji la Najma, wanakouza vitu vya watu wanaohama: makabati, majokofu, mazulia, masanduku yaliyojaa nyaya. Mimi nikipekua chini ya meza, Baba akibisha bei. Siku nyingine tulikwenda The Pearl kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake, tukaikuta helmeti imepandwa mpungate. Na Lusail, wakati mji mzima bado ni mchanga na winchi, tulimkuta mlinzi wa Kiganda anaogea kwenye helmeti, ameijaza maji na povu. Baba akamletea beseni jipya la plastiki, tena kubwa, wakabadilishana. Yule Mganda alitusindikiza kwa macho mpaka tukapotea, na nina hakika alisema tuna wazimu.

Nikajifunza kazi ile, bwana we. Nilijua kupitisha kidole kwenye pindo la ukingo na kutafuta pale ncha mbili zinapokutana: zikikutana mbele, ni ya zamani zaidi, zikikutana nyuma, ilikuja baadaye. Nilijua kutazama vile vipete vya kushikia mkanda wa kidevu. Vilivyochomelewa vikakazana ndivyo vya mwanzo, vinavyochezacheza ni vya baadaye. Nilijua rangi yake hutiwa unga wa magome ya mti ili isimetemete juani, na kwamba ndani ya ile ya chuma lazima iwemo kofia nyingine nyepesi, na zile za mwanzo kabisa zilikuwa za karatasi iliyoshindiliwa. Hizo za karatasi Baba alikuwa nayo moja tu, ndani ya helmeti aliyoipenda kuliko zote. Imeandikwa kwa wino jina la ukoo la askari mwenyewe.

Mara moja nilimwuliza kwa nini anakusanya vitu vya vita. Akasema yeye vita havipendi hata kwenye televisheni. Anachopenda ni kitu kilichotengenezwa ili mtoto wa mtu arudi kwao.

Mimi niliziogopa, sifichi. Kila niliposoma jina mle ndani nywele zilinisimama, kwa kuwa nani ajuaye kama mwenye jina alirudi? Sikuwahi kuvaa hata moja, na sikugusa bila bismillahi. Dada ndiye asiyejali. Siku moja alijivika moja akiwa anafagia majilisi, akanipigia saluti kwa mpini wa fagio, mimi nikimwomba avue, yeye akicheka. Mtoto wa Baba akaingia pale pale. Alimtazama tu, na dada akaivua akairudisha kwenye rafu. Tukadhani imepita.

Lakini mazoea yana taabu. Kidogo kidogo nikaanza kuzipenda, nikawa hata nikiendesha gari nazifikiria. Baba akaligundua hilo. Akaniambia siku moja atanipa mmoja wa Wamarekani wake, nikamweke kwetu sebuleni. Niliitika nikacheka, lakini ahadi ile nikaiweka moyoni.

Basi ikafika siku ya Baba kusafiri. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa anakwenda Ujerumani kupasuliwa, na angekaa huko wiki tatu. Baada ya sala ya adhuhuri aliniita majilisini. Nilimkuta amekaa na karatasi na kalamu, na juu ya mapaja yake ile helmeti ya karatasi ndani. Akaniinulia, akaiweka mikononi mwangu, akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, akasema taratibu kama mwalimu darasani:

"Khudha."

Nikasimama. Akarudia, safari hii kwa tabasamu: "Khudha."

Aliyesoma chuoni atanielewa. Khudh ni chukua. Khudhha ni ichukue. Hata mtoto wa darasa la mwanzo analijua hilo. Simu yake ikalia, mtoto wake anamhimiza habari ya mizigo, na Baba akanipungia mkono huku akiongea, nenda, nenda. Nikaenda, na helmeti kifuani, macho yamenijaa machozi. Wallahi nilitembea kwenye ule ua kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Uwanjani nilimbusu kichwa nikamwambia Mungu amlipe kwa alichonifanyia leo. Akanipigapiga begani. Alidhani, alikuja kunieleza baadaye, kwamba namshukuru kwa kunipunguzia kazi wiki tatu.

Niliifunga kikoi nikaitia ndani ya sanduku langu chini ya kitanda. Na hapo hapo, badala ya kufurahi, nikaanza kuogopa. Kwetu raia akikutwa na kitu cha jeshi, hata mkanda wa suruali, atajuta kuzaliwa. Nitapita nayo vipi uwanja wa ndege, nitasemaje? Nikawa naitoa, naitazama, naificha tena. Sikumwambia mtu, hata dada, maana nilimjua angeniomba aivae. Hiyo ndiyo siri niliyokuwa nayo, siri ya mtu asiyejua kuwa ameiba.

Siku ya tisa mtoto wa Baba akaja. Si Ijumaa, tena asubuhi. Baba alikuwa amempigia kutoka hospitali, kwamba ampige picha yule Mmarekani mwenye karatasi, kuna mtu anaulizia. Nilisikia sauti yake kutoka getini. Aliniita majilisini niende nikatafsiri, na nilipofika nikamkuta dada amesimama katikati ya zulia, mikono imelowa, ametolewa jikoni.

Kijana wa Baba akaniambia nimwulize dada: "Wein al-khudha?"

Wein, nilijua, ni iko wapi. Neno la pili likanigomea. Iko wapi ichukue? Nikajiuliza labda sikusikia vizuri. Dada ananitazama usoni, anangoja. Nikamwuliza kijana kwa adabu, khudha ni nini? Akakunja uso, akanyoosha kidole kwenye rafu, kwenye nafasi moja iliyo tupu kati ya helmeti mbili.

Khudha. Khudha ndiyo helmeti. Ndilo jina lake la Kiarabu safi, na mimi na sarufi yangu yote sikuwahi kulisikia, kwa kuwa vitabu vya chuoni kwetu havikuwa na helmeti. Baba alikuwa ananisomea jina la kitu. Na laiti Kiarabu ningekisoma sokoni, ningejua kwamba watu wa Doha wakimpa mtu kitu husema hak. Sijapata kumsikia Mkatari akimwambia dereva wake khudhha. Jambo moja tu likawa linazunguka kichwani mwangu: kitu chenyewe kipo chini ya kitanda changu, kimefungwa kikoi changu.

Kijana akapaza sauti, mbona sitafsiri? Nikamwambia dada kwamba anauliza ile helmeti iko wapi, ile ya juu.

Dada aliitazama rafu, akamtazama kijana, akanigeukia mimi. Hakulia. Akasema:

"Mwambie mimi sijachukua kitu ya mtu. Mwambie aulize watu wote wa hii nyumba. Hata wewe."

Akangoja, kama kawaida yake.

Nitakwambia ukweli jinsi ulivyokuwa. Sikukaa nikapanga. Hapakuwa na hata nafasi ya kuvuta pumzi. Nilifungua kinywa na ulimi wenyewe ukachagua. Nikamwambia kijana kwa Kiarabu: anasema hakuchukua.

"Na nini zaidi?" akauliza. Alikuwa amesikia maneno yake ni mengi kuliko yangu.

"Basi. Hana zaidi."

Kijana akatikisa kichwa. Akasema mtu aliyesingiziwa hupiga kelele, huapa, hutaka watu wote waulizwe. Huyu hana la kusema. Tena yeye ndiye mwenye ufunguo wa majilisi, na kwa macho yake alimwona ameivaa kichwani akiichezea. Mimi hata hakunitilia shaka. Mimi ndiye niliyeswali na baba yake alfajiri, mimi ndiye Ustadhi. Akaniamuru nimfuate chumbani kwa dada nitafsiri. Nikasimama mlangoni nikisema fungua sanduku, inua godoro, toa kile, na dada akifanya kila nilichomwambia kwa sauti yangu hii hii. Chumba changu kilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Nilizihesabu kwa macho.

Hapakuonekana kitu, bila shaka. Kijana akasema basi imeuzwa haraji. Akafunga majilisi, ufunguo akautia mfukoni, akasema atafikiria la kufanya.

Siku mbili zilizofuata sijui nilizipitaje. Chakula nilikirudisha jikoni bila kukigusa. Gari la polisi likipita barabarani nilikuwa naingia chooni najifungia. Niliwaza kuirudisha, lakini majilisi imefungwa. Niliwaza kuiacha bustanini, nikakumbuka alama za vidole, na vidole vyangu vilikuwa ndani na nje ya kile chuma. Niliwaza kumpigia Baba. Nikapiga, wallahi nilipiga, na simu ilipoita mara ya kwanza nikakata. Nilijiambia macho yake yamefungwa bandeji, nisimsumbue mgonjwa. Nilikuwa na majibu mazuri mazuri kwa kila jambo.

Na dada ndiye aliyekuja kunibembeleza mimi. Alinigongea mlango akaniletea uji wa pilipili manga, akasema naona Ustadhi umekonda kwa sababu yangu, kula. Mimi nimekaa kitandani, na kitu chenyewe kiko chini yangu, nakunywa uji wake. Nilikunywa wote.

Siku ya tatu kijana akaja na uamuzi. Kwa heshima ya baba yake hatamfikisha polisi. Atafuta ekama yake, kile kibali cha kuishi, na amemkatia tiketi ya jioni ile. Nikatafsiri. Dada akauliza kama Baba mwenyewe anajua. Nikatafsiri hilo, kamili. Kijana akasema Baba ni mgonjwa. Nikatafsiri hilo pia. Kisha akanigeukia akasema mimi ndiye nitakayempeleka uwanjani.

Tuliondoka baada ya alasiri. Alikaa nyuma, begi lake moja mapajani, ingawa buti lilikuwa tupu. Njiani alizungumza habari za kawaida, kwamba mahindi kwao yatakuwa yameiva, kwamba mama yake atashtuka kumwona bila taarifa. Aliniambia atasema mkataba umeisha. Akafikiri kidogo, akasema lakini yule mwenzake wa kijijini aliye Doha atakuwa ameshapiga simu, habari itafika kabla yake. Sauti yake haikubadilika. Mimi niliyekuwa naogopa kurudishwa kuliko kifo, nilikuwa namrudisha mtu.

Kwenye mzunguko wa mwisho kabla ya uwanja taa zilikuwa nyekundu. Nikamtazama kwenye kioo. Nikasema moyoni, sasa. Nikafungua kinywa.

"Dada," nikamwita.

"Naam, Ustadhi."

Nikamwuliza kama ana maji ya kunywa njiani. Akasema anayo. Taa zikawaka kijani.

Baba alirudi baada ya siku tisa, amevaa miwani myeusi. Alipita moja kwa moja majilisini, mtoto wake nyuma, mimi na mizigo nyuma yao. Mtoto alikuwa ameshaanza kumweleza, kuna jambo la kusikitisha limetokea. Baba hakumsikiliza. Aliitazama rafu, akanigeukia mimi kwa upole kabisa.

"Ile niliyokupa uishike siku ile ya safari, nilipokuwa naandika majina. Uliiweka wapi?"

Alikumbuka. Tangu mwanzo alikuwa anakumbuka. Angeulizwa kwa simu, hata na mimi, hata kwa dakika moja, angesema vile vile.

Nilikwenda kuileta, na fundo la kikoi likanikataa kufunguka. Nikaeleza habari ya khudha na khudhha, chuo, sarufi, ahadi yake. Baba alisikiliza mpaka mwisho kisha akaanza kucheka. Alicheka akavua miwani akafuta macho yale mapya, akasema ndiyo faida ya kuajiri mwanachuoni. Kumbe kuna mgeni wa chuo kikuu alikuwa aje kuwatazama Wamarekani, na Baba alikuwa akiandaa vikaratasi vya majina kwa Kiarabu fasaha. Hata mtoto wake akatabasamu. Yakhe, sikuamini. Nilikuwa nimengoja pingu, nikapewa kicheko.

Kisha Baba akaacha kucheka. Akauliza dada yuko wapi.

Mtoto akamweleza. Baba akawa mkali, kwa mara ya kwanza nilimwona hivyo. Akamwambia mtu mzima hamfukuzi mtu kwa kumhoji mtu mmoja. Mtoto akajitetea. Alisema yule mwanamke hakutaka hata wengine waulizwe, alipewa nafasi ya kusema akasema neno moja. Akanitazama. Akasema dereva alikuwapo, muulizeni.

Baba akanigeukia. Nikatazama zulia. Baba akachukua kimya changu kuwa ndiyo, akashusha pumzi, akasema nimpigie dada simu sasa hivi, nimwambie anatakiwa arudi, yeye mwenyewe atashughulikia viza.

Namba nilikuwa nayo. Tulikaa sote watatu majilisini, simu katikati ya meza, sauti wazi, helmeti kando yake. Ilipokuwa inaita nilikuwa najua jambo ambalo wao hawalijui: yale maneno yapo, na yeye anayakumbuka, na sasa atayasema. Nilimwomba Mungu asipokee. Akapokea, kwa furaha, aliposikia ni mimi.

Nikamweleza. Kofia imeonekana, kulikuwa na makosa ya kusikilizana, Baba anaomba radhi, anataka urudi. Sikusema makosa ya nani. Ng'ambo ile nikasikia kuku na mtu anapasua kuni.

"Mwambie asante," akasema. "Lakini sirudi. Hapa washaniita mwizi, nikirudi huko watasema nimefuata zingine. Wacha nikae niwaonyeshe macho." Akaongeza: "Na umwambie kitu moja. Mimi nilisema waulize kila mtu, hata wewe. Si nilisema, Ustadhi? Na wewe ukamwambia kijana wake vile nilisema, si ndiyo?"

Baba na mtoto wake walikuwa wananitazama. Kiswahili hawakijui hata neno.

"Nilimwambia," nikamjibu.

"Najua. Ndio maana sina kinyongo na wewe. Hapo ndani ni wewe peke yako ulikuwa upande wangu. Mungu akubariki."

Akakata. Baba akaegemea mbele, akaniuliza anasema nini, mbona ni marefu.

Nikamwambia anashukuru, lakini hatarudi.

"Na nini zaidi?"

"Basi."

Baba akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ni mwanamke mwenye adabu, tumempoteza. Kisha akaniomba chai. Nikainuka nikaenda jikoni kuipika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuipika.